Waliofufuliwa Watakaa Wapi Milele: Mbinguni au Duniani?

Katika mazishi mengi ya Kikristo husikika kauli mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hazipatani kirahisi. Kanisani mhubiri husema marehemu ameshafika nyumbani kwa Baba. Saa moja baadaye, udongo unapoanza kumwagwa juu ya jeneza, mhubiri yuleyule husoma kwamba mwili huu unalazwa kaburini kwa tumaini la ufufuo. Sasa aliyekwisha kufika atafufuliwa aende wapi tena? Kama mbinguni ndio mwisho wa safari, siku ya mwisho makaburi yanafunguliwa kwa kazi gani?

Swali hilo ni halali, na wengi hulikwepa kwa kuogopa kumvunja moyo mfiwa. Mkanganyiko wenyewe unatokana na kuunganisha vituo viwili kuwa kimoja. Kuna hali ya mtu tangu anapokufa hadi siku ya ufufuo, kisha kuna makao yake baada ya ufufuo na hukumu. Makanisa mengi ya kihistoria yanaposema fulani amekwenda mbinguni, yanazungumzia kituo cha kwanza. Kanuni ya Imani ya Nikea, iliyopata umbo lake la sasa Konstantinopoli mwaka 381, inafungwa kwa ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao, bila neno hata moja kuhusu roho kupanda mbinguni mtu akifa. Si kwamba mababa wa 381 hawakuliamini hilo. Uzito waliuweka kwingine.

Ukitaka kujua kanisa fulani linaamini nini, kuuliza kama wanaamini mbinguni hakutakusaidia, maana wote watakuitikia. Uliza mambo manne: wafu wako wapi sasa hivi, ile miaka elfu ya Ufunuo 20 ni lini na itapitia wapi, dunia hii itafutwa au itafanywa upya, na je, waliokombolewa wote watakaa mahali pamoja? Ukishapata majibu hayo, tofauti nyingi za madhehebu zitajipanga zenyewe.

Kabla ya ufufuo

Wakatoliki hufundisha kwamba kila mtu huhukumiwa mara anapokufa. Aliye safi huingia mbinguni, aliyekufa katika neema lakini bado ana la kutakaswa hupitia toharani, na aliyekufa katika dhambi ya mauti bila kutubu huenda motoni. Toharani si makao ya milele: baada ya hukumu ya mwisho haitakuwapo. Na hata aliye mbinguni leo, kwa fundisho hili, bado anangoja kitu, kwa sababu roho yake ipo bila mwili wake.

Jambo hili halikuwa limefungwa siku zote. Papa Yohane wa 22, akiwa Avignon, alianza kuhubiri mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu. Wanateolojia wa Paris walimpinga vikali, naye akaiondoa kauli hiyo akiwa kitandani, siku moja kabla ya kufa, Desemba 1334. Mrithi wake, Benedikto wa 12, alilimaliza Januari 1336 kwa hati iitwayo Benedictus Deus: watakatifu wanamwona Mungu tangu sasa, hata kabla ya kuitwaa tena miili yao.

Waprotestanti waliifuta toharani lakini hawakukubaliana mara moja kuhusu kilichobaki. Luther alipenda kukiita kifo usingizi. Calvin aliandika kitabu kizima, mwaka 1534, kupinga usingizi wa roho. Waanglikana waliweka katika zile Ibara 42 za mwaka 1553 kifungu kinachokana kwamba roho za wafu hulala. Ibara zilipopunguzwa mwaka 1563, kifungu hicho kikaachwa nje. Ungamo la Westminster la 1646, lililo katika mapokeo ya Wapresbiteri, linasema wazi kwamba roho hazifi wala hazilali.

Waadventista Wasabato na Mashahidi wa Yehova wanajibu tofauti kabisa. Kwao hakuna roho inayoendelea kuishi ikiwa na fahamu baada ya mwili kufa. Hutegemea Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote, na namna Yesu alivyosema Lazaro amelala (Yohana 11:11-14). Kwa hiyo katika mazishi ya Wasabato hutasikia kwamba marehemu anatuangalia kutoka juu, na si kwa sababu ya ubaridi wa mhubiri.

Ugomvi mkali zaidi hapa ni juu ya Luka 23:43, Yesu akimwambia mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na alama za kituo kama zetu, kwa hiyo Mashahidi na Wasabato huisoma kana kwamba "leo" ni siku ya kutamkwa ahadi, si siku ya kutimizwa. Kisarufi inawezekana. Kinachoidhoofisha hoja hiyo ni kwamba maneno "Amin, nakuambia" yanajirudia mara nyingi katika Injili, na hakuna mahali pengine yanapohitaji "leo" kuyakamilisha. Wenye msimamo wa roho kuwa na fahamu huongeza Wafilipi 1:23, ambapo Paulo anatamani kwenda zake akae na Kristo, na 2 Wakorintho 5:8. Hata hivyo, angalia jambo moja: aya zote hizi, kwa usomaji wowote, zinahusu kituo cha kwanza. Hakuna hata moja inayosema mtu atakaa wapi baada ya kaburi lake kufunguliwa.

Mwili utakaofufuka

Makao hutegemea mwili. Ukiamini kwamba kitakachofufuka ni kitu kisicho na mwili, dunia haina kazi tena. Ukiamini kwamba ni mwili, lazima uwe na mahali pa kusimama. Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulitamka kwamba wote watafufuka na miili yao wenyewe, ileile waliyo nayo sasa.

Linalokwamisha wengi ni 1 Wakorintho 15. Aya ya 44 inasema hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho. Aya ya 50 inasema nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Wanaosoma aya hizo mbili peke yake huhitimisha kwamba waliofufuliwa ni roho tupu. Lakini Paulo hakusema "roho", alisema "mwili wa roho". Na aya za 51 hadi 54 zinaeleza alichokuwa akikikana: mwili huu unaooza, ukiwa haujabadilishwa. Unaharibika, kwa hiyo lazima uvae kutoharibika. Kinachovaa ni huohuo. Kielelezo cha makanisa mengi ni Yesu mwenyewe katika Luka 24:39-43, akiwaonyesha wanafunzi mikono na miguu, akisema roho haina nyama na mifupa, kisha akila kipande cha samaki mbele yao. Mashahidi wa Yehova hawakubaliani. Wanafundisha kwamba Yesu alifufuliwa akiwa kiumbe wa roho na kujivika miili ya muda ili aonekane, na hapo tayari unaona kwa nini picha yao ya makao inatofautiana na ya wengine.

Miaka elfu ipitie wapi?

Ufunuo 20:1-6 inataja miaka elfu ambayo Shetani amefungwa na watakatifu wanatawala na Kristo. Haisemi waziwazi kama utawala huo uko mbinguni au duniani, na ukimya huo mdogo umezaa ratiba nne.

Karne za mwanzo wengi walitarajia utawala wa duniani. Yustino Shahidi, katikati ya karne ya 2, alitazamia miaka elfu katika Yerusalemu iliyojengwa upya, ingawa alikiri kwamba kuna Wakristo wema wasioona hivyo. Baadaye Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliisoma miaka hiyo kama kipindi cha Kanisa, kuanzia kuja kwa kwanza kwa Kristo hadi kurudi kwake. Usomaji wa Agostino ndio uliotawala, na mpaka leo ndio unaofuatwa na Wakatoliki, Walutheri, na kwa sehemu kubwa Waanglikana na Wapresbiteri. Ungamo la Augsburg la 1530, msingi wa Walutheri wote ikiwemo KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), linakataa katika ibara ya 17 wazo la watauwa kumiliki ufalme wa dunia kabla ya ufufuo. Kwa makanisa haya ratiba ni fupi: Kristo anarudi, wote wanafufuka, hukumu, kisha ulimwengu ujao.

Makanisa mengi ya Kipentekoste ya Afrika Mashariki yana ratiba ndefu zaidi, iliyotokana na mhubiri John Nelson Darby wa karne ya 19 na kusambazwa sana na Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909. Kanisa linanyakuliwa, dunia inapita miaka 7 ya dhiki kuu, Kristo anarudi na watakatifu, wanatawala duniani miaka elfu, Shetani anafunguliwa kidogo na kushindwa, hukumu ya kiti cheupe, halafu mbingu mpya na nchi mpya. Katika ratiba hii kukaa mbinguni ni kwa muda. Hata anayehubiri unyakuo kwa sauti kubwa kuliko wote, akiendelea kusoma mpaka Ufunuo 21, anajikuta amerudi chini. Mahubiri mengi hayafiki sura hiyo, na ndiyo maana waumini wengi wanadhani unyakuo ni kuondoka moja kwa moja.

Wasabato wanaigeuza. Kristo akirudi, watakatifu waliofufuliwa na walio hai wanapelekwa mbinguni kwa miaka elfu, na dunia inabaki ukiwa, bila mwanadamu aliye hai, Shetani akiwa amefungwa humo kwa kukosa wa kumdanganya. Huko juu watakatifu wanashiriki kazi ya hukumu, kwa kufuata 1 Wakorintho 6:2-3. Miaka ikiisha, mji mtakatifu unashuka, waovu wanafufuliwa, moto unawamaliza na kuisafisha dunia, na hapo ndipo makao ya milele yanapoanza: hapahapa. Imani ya mwisho katika orodha yao ya imani 28 za msingi inaitwa Nchi Mpya.

Kwa Mashahidi wa Yehova, Kristo anatawala kutoka mbinguni na dunia ndiyo inayotawaliwa. Wafu wanafufuliwa humo ndani ya miaka elfu, wanafundishwa, na mwishoni kuna jaribu la mwisho.

Andiko linalosumbua ratiba zote ni Isaya 65. Aya ya 17 inaahidi mbingu mpya na nchi mpya. Aya ya 21 inawaonyesha watu wakijenga nyumba na kupanda mizabibu. Lakini katikati, aya ya 20, inasema mtoto atakufa akiwa na umri wa miaka mia. Kifo ndani ya nchi mpya? Wenye ratiba ya Darby huihamishia aya hiyo katika miaka elfu. Wafuasi wa Agostino husema nabii anatumia maisha marefu kama picha ya uzima usiokoma, akiongea na watu waliozoea kuzika watoto. Wasabato wengi huiona kama ahadi yenye masharti kwa Israeli ya kale. Kila jibu lina gharama yake, na anayekuambia sura hiyo ni rahisi hajafika aya ya 20.

Itateketea au itafanywa upya?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na linaegemea sana 2 Petro 3:10-13. Tafsiri ya Union inasema viumbe vya asili vitaunguzwa na kufumuliwa, na nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea. Ukiishia hapo, dunia imekwisha na makao hayawezi kuwa hapa. Johann Gerhard, mwanateolojia mkubwa wa Kilutheri wa karne ya 17, alifundisha hivyo: ulimwengu huu utaangamizwa wote, na kitakachofuata ni kipya tangu mwanzo. Wanateolojia wa mapokeo ya Calvin kwa wingi wao walisema kinyume, kwamba moto unasafisha na haufuti.

Wanaosema dunia itafanywa upya wana hoja tatu nzuri. Ya kwanza imo katika sura hiyohiyo, aya ya 6: Petro anasema dunia ya wakati ule "iligharikishwa na maji, ikaangamia". Dunia ya Nuhu iliangamia, lakini Nuhu alishuka kutoka safinani akakanyaga ardhi ileile. Kama gharika ndiyo mfano wa moto ujao, kuangamia hakulazimishi kutoweka. Ya pili ni ya hati. Sinaiticus na Vaticanus, hati mbili kubwa za karne ya 4, hazisemi mwishoni mwa aya ya 10 kwamba kazi za dunia zitateketea. Zina kitenzi chenye maana ya kuonekana au kukutwa, yaani kuwekwa wazi mbele ya hukumu. Ya tatu ni Warumi 8:19-23, na kwa kweli ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Paulo anasema viumbe vyote vinaugua kama mwenye utungu wa kuzaa, na kwamba vyenyewe vitawekwa huru kutoka katika utumwa wa uharibifu. Kitu kinachofutwa hakiwekwi huru.

Upande wa pili nao hauko mtupu. Ufunuo 20:11 inasema nchi na mbingu zilikimbia mbele za kiti cha enzi na mahali pao hapakuonekana, na 21:1 inasema vya kwanza vimekwisha kupita. Ukipima pande zote mbili, mzani unaelekea kwa dunia kufanywa upya, kwa sababu ufufuo wenyewe unafuata mtindo huo: Mungu hatengenezi mtu mwingine wa kuchukua nafasi ya marehemu, anamwinua yuleyule akiwa amebadilishwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inafundisha vivyo hivyo, kwamba ulimwengu unaoonekana nao utageuzwa. Makanisa ya Kiorthodoksi husisitiza jambo hili kuliko wengine wote, yakisema uumbaji wote utapenywa na utukufu wa Mungu.

Mji unaoshuka

Katika Ufunuo 21:2 safari ni ya kushuka. Yohana hasemi watu wanapanda mjini, mji ndio unaoshuka kutoka mbinguni kwa Mungu, na sauti inatangaza: "Tazama, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu." Wengi huimba kana kwamba mwelekeo ni wa juu tu. Nyimbo za mazishi tulizorithi kutoka uamsho wa karne ya 19 zimejaa kuvuka mto na kufika ng'ambo, na kwa kituo cha kwanza hazina ubaya. Shida ni kuzitumia kama ramani ya kituo cha pili.

Vipimo vya mji ni stadia 12,000 kila upande, urefu, upana na kimo. Stadia moja ni kama mita 185, kwa hiyo ni takribani kilomita 2,220, zaidi ya mara tatu ya umbali wa moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam. Kwenda juu ni hivyohivyo, wakati kituo cha anga cha kimataifa huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Ukuta una dhiraa 144, karibu mita 65, ambao pembeni ya mji wa kimo hicho ni kama si kitu. Wanaosoma vipimo hivi kihalisi wapo, na baadhi wamepiga hesabu za watu wangapi wataenea humo. Lakini maana ya tarakimu ziko karibu zaidi kuliko kikokotoo: 12 ni makabila na mitume, 144 ni 12 mara 12. Na umbo lenyewe, mchemraba, linapatikana katika 1 Wafalme 6:20, Patakatifu pa Patakatifu pa hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kila upande. Kuhani mkuu tu ndiye aliyeingia hapo, mara moja kwa mwaka. Yohana anasema mji mzima umekuwa chumba hicho, ndiyo maana aya ya 22 inaongeza kwamba hakuona hekalu ndani yake.

Halafu kuna kauli inayowagusa watu wa pwani: "wala hapana bahari tena." Mvuvi wa Kilwa au Lamu anaweza kuuliza kama ujira wake wa milele ni kuondolewa bahari. Wapo wanaolichukua neno hilo jinsi lilivyo. Lakini katika Ufunuo bahari ndiyo anakotoka mnyama (13:1) na ndiyo inayoshikilia wafu mpaka ilazimishwe kuwatoa (20:13). Kinachokoma ni tishio hilo. Kwamba hakutakuwa na maji si hoja ya sura, kwani 22:1 inaanza na mto.

Maandiko yanayotumiwa vibaya

Yohana 14:2-3 husomwa kila penye msiba: nyumbani mwa Baba mna makao mengi. Ni andiko la faraja, lakini aya ya 3 haisemi wanafunzi watamfuata kila mmoja anapokufa. Inasema "nitakuja tena niwakaribishe kwangu". Anayelitumia kwa kifo cha jana anapaswa kueleza hilo "nitakuja" ni lipi.

Katika 1 Wathesalonike 4:17 watakatifu wananyakuliwa katika mawingu "ili tumlaki Bwana hewani". Kitendo cha kumlaki mgeni mkubwa kilijulikana vizuri: watu hutoka nje ya mji, humpokea njiani, na kuingia naye. Ndivyo ndugu wa Rumi walivyofanya kwa Paulo katika Matendo 28:15. Walikwenda hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu, wakampokea, kisha wote wakaingia Rumi. Hakuna aliyehamia Soko la Apio. Ndivyo pia wanawali wa Mathayo 25 wanavyotoka kumlaki bwana arusi na kuingia naye arusini. Kwa uaminifu inabidi kusema kwamba Paulo mwenyewe haandiki msafara huo unaelekea wapi baada ya kukutana. Anasema tu watakuwa pamoja na Bwana milele. Kwa hiyo aya hii peke yake haithibitishi kubaki juu wala kushuka.

Wafilipi 3:20, kwamba wenyeji wetu uko mbinguni, husomwa kama tiketi ya kwenda huko. Lakini Filipi ilikuwa koloni la Kirumi, na uraia wa Rumi haukumaanisha kwamba siku moja utahamia Rumi. Na sentensi ya Paulo inaendelea kusema kwamba kutoka huko tunamtazamia Mwokozi, atakayeubadilisha mwili wetu wa unyonge. Yeye ndiye anayekuja.

Kwa upande mwingine, wanaotaka dunia tu hutupa Zaburi 37:29 na Mathayo 5:5 kana kwamba zinafunga kesi. Zinathibitisha kwamba wenye haki watairithi nchi. Hazithibitishi kwamba kundi jingine litakwenda kwingine.

Mahali pamoja au pengi?

Hapo ndipo Mashahidi wa Yehova wanapotengana na karibu Wakristo wengine wote. Wanafundisha matumaini mawili: watu 144,000 wa Ufunuo 7 na 14, walioanza kuchaguliwa siku ya Pentekoste, wataishi mbinguni wakiwa viumbe wa roho, waaminifu wengine wote wataishi milele katika paradiso duniani, na dunia haitateketezwa kamwe. Mpaka miaka ya 1930 "umati mkubwa" wa Ufunuo 7:9 walikuwa wakiuhesabu miongoni mwa watakaokwenda mbinguni. Mei 1935, katika mkusanyiko uliofanyika Washington, rais wao J. F. Rutherford aliuhamishia duniani. Wapinzani wao huonyesha kwamba umati huo uko mbele ya kiti cha enzi, ukimtumikia Mungu hekaluni mwake (7:15), na kwamba 19:1 inataja sauti ya umati mkubwa mbinguni. Wao hujibu kwamba kusimama mbele ya kiti cha enzi si lazima kuwe mbinguni, kwa kuwa mataifa yote yanakusanywa mbele ya kiti hicho katika Mathayo 25:31-32. Ugumu mwingine ni kwamba 7:4-8 inagawa 144,000 kwa makabila 12 ya Israeli, 12,000 kila kabila. Ukichukua mgawanyo kuwa mfano na jumla kuwa hesabu halisi, unadaiwa sababu.

Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, wanafundisha falme tatu za utukufu, selestia, terestria na telestia, kutokana na ufunuo ambao Joseph Smith aliuandika Februari 1832. Kwao dunia hii yenyewe itatakaswa iwe makao ya selestia. Makanisa mengi hayawahesabu miongoni mwa Wakristo kwa sababu ya tofauti juu ya Utatu, lakini kwa swali letu inashangaza kwamba nao wanaishia duniani.

Wazo la makao kwa ngazi lina historia ndani ya Kanisa la kale pia. Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika mnamo mwaka 180 kwamba wazee waliomtangulia walifundisha hivi: wengine watapandishwa mbinguni, wengine watafurahia paradiso, wengine watakaa katika mji, kulingana na ile mbegu iliyozaa mia, sitini na thelathini, na kila mahali Mungu ataonekana. Kwa hiyo "mbinguni au duniani" halikuwa kwao swali la kuchagua moja. Makanisa mengi leo hujibu kwa namna iliyo karibu na hiyo: mbingu na nchi hazitatengana tena, na anayekaa moja amekaa nyingine.

Kuhusu waovu, Yohana 5:28-29 inasema nao watafufuliwa. Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wengi hufundisha adhabu isiyokoma. Wasabato na Mashahidi hufundisha kwamba watakoma kuwapo, kila kundi kwa namna yake. Hakuna kanisa kati ya haya linalowapa makao katika nchi mpya.

Mwili ulioteketezwa

Mara nyingi swali la makao huishia kwenye jambo la vitendo: ndugu akichomwa badala ya kuzikwa, atakosa ufufuo? Makanisa ya Kiorthodoksi hayaruhusu kuchoma maiti. Kanisa Katoliki lilikataza, kisha likaruhusu mwaka 1963, mradi mtu hafanyi hivyo kwa kuukana ufufuo. Agizo la 2016 likasisitiza majivu yatunzwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Makanisa mengi ya Kiprotestanti huiachia familia. Hakuna hata moja linalofundisha kwamba moto unamzuia Mungu.

Waliofikiri hivyo walikuwa watesi. Mwaka 177, baada ya Wakristo kuuawa Lyon, miili yao ilichomwa na majivu kutupwa katika mto Rhône, ili, kama mwanahistoria wa Kanisa Eusebio anavyoinukuu barua ya kanisa hilo, wasiwe na tumaini la ufufuo. Askofu Pothino, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alikufa gerezani katika mateso hayo. Aliyekalia kiti chake ni Ireneo. Miaka michache baadaye alitoa sababu ya kuamini kwamba makao ya wenye haki yataanzia katika dunia hiihii: ni haki, alisema, wapokee thawabu katika uumbaji uleule walimotaabika na kuuawa kwa ajili ya Mungu.